Ukikata mkungu, umeshapanga mapishi ya wiki mbili

Mimi mtu wa Pangani. Kwetu ndizi ilikuwa kitu cha kununua, chane moja kwa siku, mnaila inaisha. Mwaka 2006 nikaolewa Machame, mlimani Kilimanjaro, nikakabidhiwa kihamba, shamba la kuzunguka nyumba, chenye migomba nisiyoweza kuihesabu. Wiki ya kwanza tu mama mkwe akanipa panga: "Mwanangu, kakate ule mshare nyuma ya zizi, kuna wageni." Nikaenda nikaufyeka mgomba kwa chini kama mtu anayekata kuni. Ukaja wote kwa pamoja, mkungu ukajipiga kwenye jiwe la mfereji. Jioni nilipomenya, ndizi zilikuwa na mabaka meusi kama nyama iliyovilia damu. Mama mkwe hakusema neno. Alichukua kisu akakaa kigodani, akawa anayakata yale mabaka moja moja, wageni wanatazama.

Ninayoandika hapa nimeyapata kwake, mengine nimekuja nayo kutoka pwani, na mengine nimeyapata kwa kuharibu. Watu wananiuliza kila siku mkungu unakatwa lini. Mimi huwauliza kwanza mtaula vipi, na mko wangapi. Mkungu niliokata wiki iliyopita ulikuwa na chane 8. Ukiukata bila hesabu, siku tatu unakula kwa furaha, siku ya sita ndizi zote zimeiva kwa mpigo, siku ya tisa unawagawia majirani ambao nao wana zao.

Kwanza ujue umepanda nini

Nimeona watu Dar es Salaam wamepewa mche wa mgomba na rafiki, umezaa, na hawajui ni ndizi gani. Wanachemsha kisukari halafu wanalalamika kwamba imekuwa uji.

Mshare ni ya kupika ikiwa mbichi. Ni ndefu kiasi, nyama yake laini, huiva haraka jikoni, na ndiyo ya mtori hasa, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Mzuzu ni ile kubwa yenye kona kali, inataka kuachwa iive ndipo uikaange au uitie nazi. Ndugu yake wa pwani ni mkono wa tembo, ambayo ndizi moja tu inatosha mtoto kushiba. Kisukari ni fupi, ganda jembamba, ni ya kula mbivu na si vinginevyo. Bokoboko ni nene na ngumu. Wengi hapa huwapa ng'ombe, ila ikichemshwa vizuri na maharage mimi sioni tatizo lake. Kitarasa ina ukakasi. Hukatwa vipande ikaanikwa na kusagwa unga wa uji. Na zipo ndizi za mbege, pombe ya ndizi ya huku, ambazo sizisemei sana kwa sababu mbege sinywi, ingawa nimevundika ndizi zake miaka yote hii na hakuna anayelalamika.

Kusoma mkungu

Hapa juu, tangu ua lichungulie hadi kukata ni kama miezi 5, na ukiangukia baridi ya Juni hadi Agosti unafika 6. Dada yangu aliyepanda migomba miwili nyuma ya nyumba yake Tanga mjini anakata baada ya miezi 3 na siku kadhaa. Kwa hiyo usifuate kalenda ya mtu mwingine. Siku ua likitoka, mimi hufunga kitambaa kwenye mgomba, na kila mwezi naongeza fundo moja. Inanisaidia kujua lini nianze kuangalia, basi.

Kuangalia kwenyewe ni kwa macho na vidole. Ndizi changa ina kona, ukiipapasa unahisi kama penseli. Kadiri inavyokomaa kona zinajaa, ndizi inakuwa duara. Mshare na kisukari zinajaa karibu kabisa. Mzuzu hata ikikomaa hubaki na kona kidogo, usiisubiri iwe duara maana utasubiri mpaka ipasuke. Pili, tazama ncha. Kila ndizi ina kijiua kikavu mwishoni. Kigusishe kidole. Kikidondoka chenyewe, tayari. Kikishikilia, rudi nyumbani. Tatu, rangi: kijani kilichokolea kinafifia, kinakuwa kama kimepauka.

Anza kuangalia chane ya juu kabisa, ile iliyo karibu na mgomba. Ndiyo ya kwanza kuzaliwa, ndiyo ya kwanza kukomaa. Ukiona hata ndizi moja pale juu imegeuka njano, usisubiri tena, kata mkungu wote siku hiyo hiyo. Ukiuacha uivie mgombani, kisukari hupasuka ganda, siafu na ndege wanaingia, na usiku popo. Halafu ndizi iliyoivia mtini, huku kwetu angalau, huwa haina utamu sawasawa. Inaiva vipande vipande, huku laini, huku ngumu kama chaki.

Kuna jambo la kufanya mapema zaidi, wakati mkungu bado mchanga. Chane zikishatoka zote, lile ua jekundu linaloning'inia mwishoni halina kazi tena kwa ndizi zako. Liondoe, nguvu irudi kwenye ndizi. Lakini usilikate kwa kisu. Chukua kijiti kirefu chenye panda, lisokote mpaka livunjike. Kule Kagera kulionekana ugonjwa wa mnyauko mwaka 2006, na sehemu ya njia zake ni hizi mbili: wadudu wanaofuata utamu wa ua, na kisu kinachotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Panga langu mimi hulipitisha kwenye moto kabla ya kuingia shambani hata kama migomba yote inaonekana salama. Jirani yetu meku mmoja, yaani mzee, ananicheka kwamba namchoma nani.

Na uegemeze. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Hao hawakuwa na kihamba mlimani upepo ukiamua kuvuma. Mti mmoja wenye panda chini ya shingo ya mkungu unatosha, au miwili iliyofungwa mkasi. Nimewahi kupoteza mikungu mitatu usiku mmoja, yote imebakiza wiki mbili tatu.

Siku ya kukata

Kata mchana, jua likiwa limewaka. Asubuhi mgomba umejaa maji, utomvu unachuruzika kama bomba lililopasuka. Na utomvu wa ndizi ukiingia kwenye nguo umeingia, hakuna sabuni. Nina kanga moja ya zamani, maandishi yake hayasomeki tena kwa madoa, ni ya kazi hiyo tu.

Mgomba mfupi unakata mkungu moja kwa moja. Mgomba mrefu unataka watu wawili. Mmoja anasimama upande ambao mkungu unaning'inia, begani ameweka majani makavu ya mgomba yaliyokunjwa. Wa pili anakwenda na panga, anakata usawa wa kifua au juu kidogo, upande ule ule wa mkungu, na asikate mpaka mwisho: anaingiza nusu hivi. Subiri. Mgomba utaanza kuinama wenyewe, taratibu, unatoa sauti kama kitambaa kinachochanika. Ukikaidi, ongeza pigo dogo. Wa begani anaupokea mkungu ukiwa bado umeshikwa na mgomba, anasema "nao", ndipo mwenye panga anakata kikonyo. Acha kikonyo kirefu kiasi cha mkono mmoja, ndicho mpini wako wa kubebea na kuning'inizia. Mwenye panga asikate kabla hajasikia neno. Mume wangu alinikatia nikiwa natazama pembeni, nikapiga magoti kwenye matope na mkungu begani. Sikuuachia, na hilo hadi leo ananisifia.

Mkungu usiguse udongo. Ulaze juu ya majani au uning'inize kivulini utomvu udondoke. Baada ya nusu saa toa chane kwa kisu kikali, ukate karibu na kikonyo, uzipange zikiwa zimeinamisha kovu chini.

Ule mgomba uliobaki umeshamaliza kazi, hauzai mara ya pili. Ng'ombe wetu wanasubiri wakisikia panga. Ukiwa huna ng'ombe, lipasue gogo kwa urefu likauke upesi, usiliache zima, maana fukusi wa migomba hupenda kutaga kwenye gogo bichi. Na shimoni uache watu watatu: mama anayezaa, mtoto anayefuata, na mjukuu. Machipukizi mengine ng'oa, gawa. Shina lenye familia kubwa hutoa mikungu kama ya kuchezea watoto.

Wa mjini mtaniambia mwizi hasubiri kona zijae. Najua. Ukilazimika kukata mapema, kata mshare au mzuzu, itapikika ikiwa mbichi. Kisukari changa ukiivundika itageuka njano na kulainika, lakini utamu hauji. Hakuna namna ya kuurudisha.

Kuvundika kwa zamu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanavundika mkungu mzima. Mimi naugawa siku ile ile. Mfano wa mzuzu wa chane 5: mbili zinaingia kwenye boksi leo, mbili naning'iniza dirishani penye upepo, moja naipika mbichi. Zile mbili za boksini zikitoka, za dirishani zinaingia. Hivyo nakula mbivu kwa siku nyingi badala ya kushindana na nzi.

Boksi langu ni la karatasi ngumu, la kubebea mafuta ya kupikia. Chini majani makavu ya mgomba, juu yake chane zisizobanana, katikati natia parachichi mbili zilizoiva au ndizi mbivu moja. Nafunika kwa majani mengine na gunia la katani. Ndizi inapoanza kuiva hutoa gesi, inaitwa ethilini, haionekani, na ndiyo inayoziamsha nyingine. Parachichi nayo inaitoa. Unachofanya kwa kufunika ni kuizuia isipotee na kutunza joto. Ndiyo maana wazee hapa waliweka ndizi za mbege darini juu ya moto wa kuni: joto lipo, na moshi wa kuni nao una gesi hiyo hiyo. Pwani bibi yangu alichimba shimo, akalitandika majani, akafukia na kuacha tundu la kupulizia moshi. Wote walikuwa wanafanya jambo moja.

Usitumie mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa. Ndizi hutoa jasho, ukungu unaanzia kwenye vikonyo. Nilishautumia mara moja nikiwa na haraka ya shughuli, nikatupa chane mbili.

Fungua kila jioni uangalie. Machame mwezi wa Julai naziona zikigeuka siku ya 7 au ya 8, hata nikiliweka boksi karibu na jiko. Kiangazi siku 5. Tanga dada yangu siku ya 3 anakula. Zikishapata njano zote, zitoe nje ya boksi mara moja, la sivyo siku moja zaidi na zimekuwa za uji.

Friji hapana. Ndizi mbichi ikipata baridi chini ya nyuzi 13 hivi, ganda linakuwa jeusi na haitaiva vizuri tena hata ukiitoa. Iliyokwisha kuiva ni sawa kuiweka: ganda litakuwa jeusi la kutisha, ndani iko salama, unapata siku kadhaa zaidi.

Na wale wanaotia kabaidi ili ndizi ziwe njano usiku mmoja, mimi ndizi zao sinunui. Utazijua: ganda linang'aa njano, kikonyo kijani kibichi, hakuna harufu, ndani ngumu. Kabaidi yenyewe ni kitu cha kuchomelea vyuma, na ina uchafu wa sumu ndani yake. Ukiwa na boksi na parachichi unaihitaji ya nini?

Mtori, na kosa langu la sukari

Kumenya kwanza. Paka mafuta ya kula viganjani, na kisu pia. Weka kando bakuli la maji lenye chumvi kidogo na nusu ndimu. Kata ncha zote mbili, chana ganda kwa urefu kufuata kona, ingiza ncha ya kisu uliinue, litoke kwa vipande. Zikwangue kidogo kuondoa nyuzi za ganda, zitie majini hapo hapo zisiwe nyeusi. Usivute ganda kama unamenya mbivu. Mbichi haitaki ubishi.

Kwa watu 6 natumia nyama ya ng'ombe ya mbavu, yenye mfupa na mafuta kidogo, kilo 1, na mshare kama 15. Nyama inachemka na chumvi, peke yake, saa moja na nusu, mpaka inaachana na mfupa. Itoe. Kwenye supu ile ile tia ndizi zilizokatwa mara tatu, vitunguu 2, nyanya 2 zilizomenywa. Supu ifunike ndizi na izidi vidole viwili. Funika, moto wa wastani, dakika 30 hadi 40. Ikipungua ongeza maji ya moto, usitie ya baridi. Ndizi ikibonyea kwa mwiko bila kuuliza, punguza moto uiponde humo humo sufuriani. Wengine siku hizi wanaisaga kwa mashine, inatoka laini kama ya mgonjwa. Mimi napenda mtori wenye vipande viwili vitatu vilivyonusurika. Rudisha nyama iliyochambuliwa, tia kijiko kikubwa cha siagi, kamulia ndimu, uache utokote mara mbili. Uwe mzito wa kunyweka, si wa kukatika na kijiko. Mzazi aliyetoka kujifungua hapa anapewa huu asubuhi na jioni, na mama mkwe alinilisha mpaka nikaanza kuuota.

Sasa kosa. Mwaka wangu wa kwanza nilipika mtori kwa mshare uliokaa siku sita jikoni. Kwa nje ulikuwa bado kijani, ila ganda lilikuwa limeanza kulegea na nilipomenya utomvu haukutoka. Nikapika. Baba mkwe akanywa vijiko viwili, akaweka kijiko chini. "Mwanangu, huu umetia sukari?" Ndizi ilishaanza kugeuza wanga kuwa sukari ndani huku nje imekaa kimya. Tangu hapo kipimo changu ni utomvu: ukikata ncha na hakuna tone, hiyo si ya mtori tena. Iache iive.

Machalari ni ndizi zile zile na nyama ile ile, ila huzipondi. Kaanga vitunguu na nyanya, tia nyama iliyoiva na supu yake, ndizi nzima juu, funika, usikoroge, tikisa sufuria tu. Kiburu ni ndizi na maharage, magadi kidogo sana, na kusonga kwa nguvu. Sijawahi kukipenda, nakipika kwa heshima.

Mbivu: hapa nawafundisha mimi

Mzuzu wa kukaanga uwe njano na madoa meusi. Kata mshazari, unene wa kidole, mafuta yawe ya moto wa wastani. Yakiwa makali sukari inaungua nje na ndani mbichi.

Za nazi zinataka mzuzu au mkono wa tembo ulioiva zaidi ya hapo, ganda nusu jeusi lakini ndani bado inakatika. Nazi 2 kubwa, ukune, ukamue tui zito ulitenge, kisha utie maji ya vuguvugu ukamue tui jepesi. Menya ndizi 6, kata mara mbili, zipange sufuriani zikiwa zimelala. Mimina tui jepesi, iliki 5 zilizopondwa, chumvi kidogo mno. Sukari onja kwanza ndizi, mara nyingi haihitajiki. Dakika 10 hadi 12 zitakuwa zimelainika na tui limepungua. Hapo tia tui zito, na usiondoke: lichote na kulimwagia juu kwa kijiko, pole pole, likianza kutokota tu epua. Ukiliacha lichemke peke yake linakatika, unapata mafuta juu na maji chini. Mama yangu akizipika mwezi wa Ramadhani, hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha dakika hizo.

Nilipozipika mara ya kwanza Machame, mama mkwe alisimama mlangoni akauliza, ndizi mbivu sufuriani, nimekosa nini? Akala moja kwa adabu ya mgeni. Juzi nilimkuta chini ya mzuzu ulio karibu na kisima, mkono juu, anagusa vijiua vya chane ya juu. Kimoja kikadondoka. "Huu siku nne," akasema, "na boksini wiki." Nazi nimeshaagiza Tanga.